Mcheza Kwao Hutunzwa



Mzazi mmoja wa hapa Yeoville ametutaka shauri. Mwanawe, ambaye kazi yake ni ukarani, ameazimia kupiga piano hadharani, tena tungo zake mwenyewe. Baba anachelea mambo mawili: dini na aibu.

La dini tunawaachia masheikh, kwani wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani juu ya ala za muziki. Sisi tutakumbusha historia tu. Huko Unguja, Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905 na Waislamu waliopiga taarabu kwa mapenzi, si kwa ujira. Hapa Afrika Kusini, Abdullah Ibrahim, mzaliwa wa Cape Town, alianza piano akiwa na miaka saba, akasilimu mwaka 1968. Mwaka 1974 alirekodi utungo wake, "Mannenberg", nao ukawa sauti ya waliodhulumiwa na ubaguzi.

La aibu tunaweza kulisemea. Apigaye utungo mashuhuri hubebwa na sifa ya mtunzi. Apigaye wake hubebwa na subira ya wasikilizaji peke yake. Ugenini, wasikilizaji hao ni nani kama si jamaa zake? Akitazama asimwone babaye, hiyo ndiyo aibu.

Basi mzazi amwulize sheikh wake. Akiridhika, aende, akae mbele, asikilize mpaka mwisho. Mcheza kwao hutunzwa, na hapa kijana huyu hana kwao pengine ila kwetu.

Wabillahi tawfiki.