Deraya ya askari ipimwe kwa jeraha lake

Kila serikali inapotangaza kwamba imewanunulia askari wake fulana mpya za kukinga risasi, sisi raia hupiga makofi kisha tukaenda zetu. Ni wachache mno wanaouliza maswali mawili yaliyo muhimu zaidi: Je, ni nani aliyeisanifu fulana hiyo? Na alipokuwa akiisanifu, alikuwa akilitazama jeraha gani?

Nauliza kwa sababu suala hili si la mbali. Tangu wanajeshi wetu walipoingia Somalia mnamo Oktoba mwaka wa 2011, tumewazika wengi. Polisi wetu nao wameuawa kwa mabomu ya kutegwa katika barabara za Mandera, Garissa na Lamu.

Deraya, kama walivyoliita wazee wetu vazi la vita, ilikuwa ya chuma. Ya siku hizi ni ya nyuzi. Mwaka wa 1965 Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, aligundua uzi mwepesi ambao, uzani kwa uzani, ni imara mara tano kuliko chuma cha pua. Uzi huo ukaja kuitwa Kevlar. Matabaka yake yakishonwa pamoja huzuia risasi ya bastola na vipande vya bomu.

Hata hivyo, risasi ya bunduki aina ya AK-47, iendayo zaidi ya mita 700 kwa sekunde, hulipenya vazi hilo. Ndiyo maana bamba gumu la kauri hutiwa kifuani na mgongoni. Bamba huivunja ncha ya risasi, na matabaka yaliyo nyuma yake yakavidaka vipande.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Fulana waliyovaa Wamarekani nchini Iraq, pamoja na mabamba mawili, ilikuwa na uzani wa zaidi ya kilo 7, kabla ya bunduki, risasi na maji. Ukimfunika askari mwili mzima hawezi kukimbia wala kuruka mtaro, na katika jua la Mandera uzito huo hugeuka kuwa adui wa pili. Kwa hivyo msanifu hana budi kuchagua ni kiungo gani akifunike na kipi akiache wazi. Uchaguzi huo, nasema, haufai kuwa wa kubahatisha.

Tazama yaliyotokea Iraq. Mnamo Januari mwaka wa 2006 ilifichuka kuwa madaktari wa jeshi la Marekani walikuwa wamechunguza maiti za wanamaji waliouawa kwa majeraha ya kiwiliwili. Walikadiria kwamba hadi asilimia 80 yao huenda wangenusurika lau wangekuwa na kinga zaidi. Bamba la kifuani lilikuwa limefanya kazi yake, lakini mauti yalipitia mbavuni na mabegani. Mabamba ya ubavuni yaliwafikia askari wengi baada ya wenzao kwisha kuzikwa.

Nchini Afghanistan nako, Waingereza walikabiliwa na mabomu yaliyofukiwa ardhini, ambayo hulipuka kutoka chini kwenda juu. Kuanzia mwisho wa mwaka wa 2010 waliwapa askari wao chupi za hariri. Msomaji usicheke! Hariri haizuii risasi, lakini hupunguza mchanga na vipande vidogo vinavyosukumwa ndani ya nyama na kuozesha kidonda. Mambo kama hayo hayajulikani kwa kukaa ofisini, hujulikana kwa kuwasikiliza madaktari wanaosafisha vidonda hivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Aidha, kuizuia risasi si kuzuia madhara yote. Kishindo chake chaweza kuvunja mbavu na kuchubua mapafu. Kwa sababu hiyo, kipimo cha Marekani cha fulana za polisi huziweka juu ya udongo wa mfinyanzi, na risasi ikipigwa, bonde linaloachwa halifai kuzidi milimita 44.

Na askari wa kike je? Fulana iliyokatwa kwa kifua cha mwanamume humwacha wazi kwapani na kumzuia kutuliza bunduki begani. Jeshi la Marekani lenyewe lilianza kuwajaribia wanawake wake fulana zao mwaka wa 2012.

Kuna watakaosema kuwa Kenya ni mnunuzi tu, na kwamba usanifu ni kazi ya viwanda vya ng'ambo. Sikubaliani nao. Hata anayekwenda kushonewa suti humwambia fundi vipimo vyake. Mnunuzi asiyejua askari wake huumia wapi atauziwa jawabu la vita vya watu wengine.

Napendekeza hivi. Hospitali zinazowatibu wanajeshi na polisi ziweke daftari la kila jeraha: silaha iliyotumika, mahali ilipoingilia, vazi lililovaliwa na sehemu iliyokuwa wazi. Daftari hilo liwe msingi wa kila zabuni. Askari waliorejea kutoka uwanja wa vita waketi katika kamati ya ununuzi, na fulana chache za kila shehena zipigwe risasi hapa nchini kabla ya nyingine kugawiwa. Ikiwa ni siri ya jeshi, na ifichwe kwa adui, bali isifichwe kwa yule anayetia sahihi ya kununua.

Askari aliyerudi na kovu, na hata yule aliyerudishwa katika jeneza, ametuachia ushahidi uliogharimu damu. Tukiuacha upotee, tutakuwa tumempeleka mwenzake akaumie pale pale.