Vita vya mezani: tuwape wanafunzi Ain Jalut

Wanafunzi wa chama cha historia walinijia ofisini majuzi na ombi ambalo sikulitarajia. Walitaka kuunda vita vya Zama za Kati juu ya meza: askari wa udongo, wafupi kuliko kidole, wapakwe rangi na kupangwa vikosi, kisha wasogezwe kwa kipimo cha rula na bahati yao iamuliwe kwa dadu. Mchezo huu si upuuzi. Jeshi la Prussia liliutumia kuwafunzia maofisa wake tangu 1824, naye H. G. Wells aliutungia kitabu mnamo 1913. Lililobaki ni kuamua vita vyenyewe viwe vipi.

Wengi walikuwa wamekwisha kuchagua Agincourt, tarehe 25 Oktoba 1415, ambapo Waingereza wa Henry V waliwamiminia mishale Wafaransa waliokwama matopeni. Naifahamu sababu yao. Wamemsoma Shakespeare, na picha za mavazi ya vita hivyo zimejaa vitabuni. Lakini urahisi wa picha si hoja ya kitaaluma. Mmoja wao alitaja Mombasa ya 1505, ilipoteketezwa na Wareno wa Francisco de Almeida, na moyo wangu ukamwelekea. Hata hivyo, masimulizi ya kina ya siku zile yametoka zaidi kwa wavamizi wenyewe. Mchezo huo tutaucheza, ila kwanza tujifunze kumsoma adui kwa jicho kali.

Mimi nilipendekeza Ain Jalut, katika Palestina, tarehe 3 Septemba 1260. Wamongolia wa Hulegu walikuwa wameiteka Baghdad mwaka 1258, kisha Aleppo na Dameski. Sultani Qutuz wa Misri na jemadari wake Baybars ndio waliowashinda.

Mwalimu mwenzangu alinionya kwamba darasa lenye Waislamu na Wakristo litagawanyika pande mbili. Kwa heshima zote, namjibu kwamba vita hivi ndivyo vinavyokataa kugawanywa hivyo. Kitbuqa, aliyewaongoza Wamongolia siku ile, alikuwa Mkristo, lakini jeshini mwake walikuwamo pia watawala wa Kiislamu wa Shamu. Nao Wapiganaji wa Msalaba wa Akka, Wakristo hao, waliwaachia Wamisri njia na kuwaruhusu kujipatia vyakula. Hata jina la mahali penyewe linatukutanisha: ni Chemchemi ya Jaluti, yule ambaye mwanafunzi Mkristo humwita Goliathi.

Kuna jambo jingine, na hapa mnisamehe kidogo, kwa kuwa kazi yangu ni maneno. Magazetini mwetu mamluki ni askari wa kukodiwa, apiganaye kwa ajili ya mshahara. Katika Kiarabu neno hilo humaanisha aliyemilikiwa. Ni ndugu wa miliki, mamlaka na malkia. Mamluki wa Misri hakukodiwa. Alinunuliwa angali kijana, mara nyingi kutoka nyika za Wakipchaki kaskazini mwa Bahari Nyeusi, akasilimishwa, akafunzwa farasi na upinde, kisha akaachwa huru. Baybars mwenyewe alipitia njia hiyo. Tangu 1250 watumwa hao wa jana ndio walioitawala Misri. Mwanafunzi atakayemsogeza mamluki mezani hana budi kujiuliza ni nini kilichomfanya mtu aliyeuzwa awe mlinzi wa nchi iliyomnunua, na ni vipi neno lenye mamlaka ndani yake liligeuka kwetu kuwa tusi.

Wala ushindi wenyewe haukuwa wa ushujaa mtupu. Hulegu alikuwa ameondoka Shamu na sehemu kubwa ya jeshi lake, baada ya kifo cha Khan Mkuu Mongke mwaka 1259, akamwachia Kitbuqa kikosi kidogo tu. Wanahistoria hutaja pia uhaba wa malisho, kwani kila Mmongolia alisafiri na farasi kadhaa. Nilipoeleza hayo, wapenzi wa Agincourt walinyamaza. Kijana mmoja wa jamii ya wafugaji kutoka Marsabit ndiye aliyeuliza mara moja: katika Septemba, nyasi za huko huwa na hali gani?

Tangu hapo wameanza kufinyanga farasi kabla ya askari. Yeye amekabidhiwa kuandika kanuni za malisho, nasi wengine bado tunabishana kuhusu bendera ya Qutuz.