Matabibu Wapelekwe Visiwani

Mwanafunzi wa utabibu jijini Lusaka hupitishwa wodi kwa wodi: watoto, wazazi, upasuaji. Utaratibu huo ni mwema. Lakini mazoezi yakiishia mijini, atakuwa tabibu wa nani?

Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru, malaria haina msimu. Hospitali ya Mtakatifu Paulo iko Kashikishi, bara. Mgonjwa wa kisiwa cha Kilwa au Chisenga hana budi kuvuka maji, na ziwa likichafuka hungoja. Mtoto aliyeishiwa damu hawezi kungoja. Kukata shauri la kumvusha kabla ya giza hakufundishwi Lusaka.

Watasema visiwani hakuna wakufunzi. Basi Serikali ijenge nyumba ya mkufunzi, na inunue mashua ya injini.