Utabiri wa Wiki na Darasa la Mabati

Kila wiki Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao yake makuu Dagoretti Corner jijini Nairobi, hutoa taarifa ya siku saba zijazo. Taarifa hiyo huigawa nchi katika maeneo, ikaeleza jinsi asubuhi, alasiri na usiku wa kila eneo utakavyokuwa, kisha ikataja joto la mchana na baridi ya usiku. Ni kazi ya wataalamu, imelipiwa kwa kodi ya mwananchi, na haiuzwi. Hata hivyo, ni nadra mno kuikuta imebandikwa ukutani katika chumba cha walimu, mahali ambapo ratiba ya mitihani na orodha ya wadaiwa karo hazikosekani kamwe.

Nasema ni kosa, na kosa hilo huwa zito zaidi katika kipindi hiki cha kiangazi, baina ya Januari na katikati ya Machi. Ndicho kipindi cha muhula wa kwanza. Ndicho kipindi cha riadha, magongo na mpira wa mikono. Wanafunzi wapya wa shule za upili huwa ndio kwanza wamevalia sare mpya, sweta na tai, na huona haya kumwambia mwalimu kwamba kichwa kinazunguka. Taarifa ya wiki ingepaswa kuwa chombo cha kupangia ratiba, sawa na kengele. Sisi tumeifanya kitu cha kusikilizwa baada ya habari za michezo, tena kwa sikio moja.

Hebu tutazame wiki ya Februari ilivyo kwa kawaida. Jua wakati huo liko upande wa kusini wa ikweta, na ukanda wa mvua, ambao hulifuata jua nyuma nyuma, umeshuka hadi kusini mwa Tanzania, Zambia na Msumbiji. Kwetu hubaki upepo wa kaskazi, utokao pande za Uarabuni ukiwa mkavu. Ndio upepo uliowaleta manahodha Lamu na Mombasa kwa majahazi, wakangoja kusi iwarudishe kwao. Mawingu huwa machache. Jua hupiga ardhi tangu asubuhi bila kizuizi, na usiku ardhi huachilia joto lake likapaa angani, nalo pia bila kizuizi. Ndiyo sababu mkaazi wa Nairobi au Nyeri hutoka nyumbani alfajiri akitetemeka, na saa nane mchana akawa anajipepea kwa gazeti. Wengi hudhani hiyo ni hali ya hewa iliyopotoka. La hasha, ni anga lililo wazi tu.

Msomaji asichanganye kiangazi hiki na kile cha vitabu vya Ulaya, ambacho huwa Juni hadi Agosti, wakati sisi wa nyanda za juu tumo katika baridi na manyunyu. Nimeona insha za wanafunzi wa Kiambu zikisifu jua la Julai, na nikajua zilikotoka.

Basi katika wiki kama hiyo, Lodwar, Garissa, Wajir na Mandera hufikia nyuzi 35 na kupita. Mombasa hucheza kwenye 32 au 33. Nairobi ni 27 au 28, na mwenyeji wa Garissa akisikia malalamiko ya watu wa Nairobi hucheka. Magharibi mambo ni tofauti kidogo, na hapa mwalimu wa Kericho au Kisii asidanganyike na neno kiangazi. Ziwa Viktoria lina pepo zake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, hupanda milima ukiwa na unyevu, na alasiri hugeuka ngurumo, radi na pengine mvua ya mawe inayochana majani ya chai. Usiku mkondo hugeuka, na ngurumo hizo huhamia ziwani walipo wavuvi. Kwa hiyo shule ya Nandi au Kisii inayopanga mbio zake saa tisa alasiri, katika uwanja usio na pa kujikinga, inajitia katika hatari ambayo shule ya Machakos haina. Taarifa ya wiki hulieleza jambo hili waziwazi: asubuhi ya jua, alasiri ya ngurumo katika baadhi ya sehemu.

Tarakimu zenyewe nazo zataka kusomwa kwa akili. Idara inaposema nyuzi 30, haisemi joto la uwanjani wala la darasani. Kipimajoto chake kimo ndani ya kisanduku cheupe chenye mbao za kupitisha hewa, takriban mita moja na nusu kutoka ardhini, juu ya nyasi, kivulini. Ni kipimo cha hewa peke yake. Hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuwa kote duniani, ama sivyo hatungeweza kulinganisha Lodwar na London. Lakini mtoto hakai ndani ya kisanduku cheupe. Anakaa chini ya mabati yasiyo na dari, mita chache juu ya kichwa chake, na bati lililopigwa na jua tangu saa mbili asubuhi huwa moto kuliko hewa mara nyingi, likimimina joto hilo juu ya watoto hamsini au sitini waliobanana. Dirisha ni dogo, au limezibwa kwa sababu ya wezi. Mwalimu aliyesoma nyuzi 30 asubuhi hana budi kuongeza mwenyewe yale yasiyoandikwa.

Kuna na unyevu wa hewa. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Katika hewa kavu ya Lodwar hukauka upesi, hata mtu asijue kwamba anapoteza maji, naye huanguka kwa ukosefu wa maji kabla hajahisi kulowa. Pwani jasho hukaa juu ya ngozi, shati likagandamana na mgongo, na mwili ukashindwa kupoa ingawa kipimajoto cha Mombasa kiko chini ya kile cha Lodwar. Tena usiku wa Mombasa mwezi wa Februari hauteremki sana, huganda kwenye nyuzi 24 au 25, na mwanafunzi wa bweni huamka hajapumzika. Ukiona darasa zima limesinzia saa nane mchana huko Likoni au Malindi, usikimbilie kusema ni uvivu.

Kwa nini basi taarifa yenye manufaa namna hii hudharauliwa? Nadhani neno lenyewe limetuponza. Tunaiita utabiri. Kutabiri, kwa asili ya neno hilo katika Kiarabu, ni kufasiri, na hasa kufasiri ndoto, na katika Kiswahili limebeba harufu ya uaguzi. Mtabiri akikosea mara moja ni mwongo. Mwananchi hasemi hivyo kuhusu daktari anayemwambia kwamba dawa hii huwasaidia wengi. Anamsema hivyo mtu wa hali ya hewa kwa sababu tulimpa jina la mnajimu, kisha tukamdai miujiza ya mnajimu.

Historia nayo haikusaidia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilitutia hofu iliyodumu kizazi kizima. Mwaka 2015 taifa lilionywa tena, likajitayarisha, na katika sehemu nyingi mafuriko hayakufikia kiwango kilichohofiwa. Watu wakacheka. Mnamo Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Niño iliyotajwa haitakuja, itakuwa mvua nyingi tu isiyo na maafa yale. Majuma machache baadaye mafuriko yaliua zaidi ya watu 100. Mwaka 2024 masika yalivuruga hata kalenda ya elimu: shule zilizopaswa kufunguliwa Aprili 29 zilifunguliwa Mei 13. Katika mikasa hii yote taarifa ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma kama inavyopaswa kusomwa, yaani kama kadirio la uwezekano, ambalo busara hutaka lifanyiwe matayarisho hata likiweza kutotimia.

Lawama haiwezi kuwaangukia wasomaji peke yao. Lugha ya taarifa hiyo, mara nyingi, ni Kiingereza, na maneno yake yana maana maalumu ambazo hazijulikani na watu. Inaposema mvua itanyesha katika sehemu chache, maana yake ni chini ya asilimia 33 ya eneo linalotajwa. Sehemu kadhaa ni baina ya asilimia 33 na 66. Sehemu nyingi ni zaidi ya 66. Mtu asiyejua hayo, akiambiwa sehemu chache za Nairobi zitanyeshewa, na Embakasi ikabaki kavu ilhali Karen imelowa, husema amedanganywa. Hajadanganywa, hakufundishwa tu. Na hili ni somo la nusu saa, ambalo mwalimu yeyote wa Jiografia au Hisabati angeweza kulifundisha kwa chaki na ramani, na mwanafunzi akatoka hapo ameelewa maana ya asilimia kuliko kwa maswali ya maembe na machungwa.

Lipo la kupongezwa. Idara ilisaidia kuanzishwa kwa vituo vidogo vya redio vya jamii, kama vile cha Kangema katika Kaunti ya Murang'a, ili taarifa imfikie mkulima kwa lugha yake. Huko Vihiga, wataalamu walikaa na wazee wa ukoo wa Nganyi, waliosifika kwa kusoma dalili za mvua katika miti na wadudu, wakalinganisha ishara zao na hesabu za kisayansi. Pwani nako wazee walihesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, wakajua siku za kupanda na siku za kutoweka chombo baharini. Watu wetu hawakuwa na uadui na elimu ya anga. Shule za kisasa ndizo zilizoisahau.

Nawasikia wanaosema kwamba mtoto wa Kiafrika amezoea jua, na kwamba haya ni mambo ya kudekeza watoto. Hoja hii huisikia zaidi kutoka kwa watu wenye ofisi zenye viyoyozi. Tuwatazame jirani zetu wa Sudan Kusini, ambao hakuna awezaye kuwaambia kwamba hawajazoea jua. Mnamo Machi 2024 serikali yao ilifunga shule zote joto lilipotarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 ilizifunga tena, kwa majuma mawili, baada ya wanafunzi kuzimia kwa joto mjini Juba. Shule nyingi za huko ni za mabati. Kutoka mpaka wao hadi Lokichoggio si safari ndefu, na mabati ya Turkana hayana tofauti na yao. Na mwaka 2024 ulikuwa mwaka wenye joto zaidi duniani tangu vipimo vianze kuwekwa.

Sipendekezi tufunge shule. Napendekeza mambo madogo yasiyohitaji kamati. Mwalimu wa zamu asome taarifa ya wiki siku inapotoka, ailinganishe na ratiba, na azungumze na mwalimu mkuu. Wiki ikitajwa kuwa ya joto kali, gwaride la asubuhi liwe fupi, na hotuba ndefu zisubiri siku nyingine. Mazoezi ya michezo yawe kabla ya saa nne au baada ya saa kumi, isipokuwa kule magharibi, ambako alasiri ina radi, na asubuhi ndiyo bora. Somo linalohitaji utulivu wa akili lisiwekwe saa nane mchana. Mtungi wa maji uwe darasani, si ofisini. Na sweta, vazi tulilorithi kwa watu wa nchi za baridi, lisiwe sharti kwa mtoto wa Kilifi au Tana River. Nimeshuhudia mwanafunzi akirudishwa nyumbani Februari kwa kukosa sweta, katika mji ambao sweta hazina kazi ila kujaza sanduku.

Shule nyingi za upili zina kituo chao cha hali ya hewa, kilichojengwa kwa ajili ya somo la Jiografia: kisanduku cheupe, kipimamvua, kielekezaupepo. Katika shule moja niliyoitembelea nyuki walikuwa wamekimiliki kisanduku hicho, na mwalimu aliniambia kwa fahari kwamba asali yake ni nzuri. Sina ugomvi na asali. Lakini kipimajoto kingine hakigharimu pesa nyingi, na kikitundikwa darasani, chini ya mabati yale yale, wanafunzi wangeweza kukisoma saa nane kila siku kwa mwezi mmoja, wakaandika tofauti baina ya joto la darasa lao na lile lililotangazwa. Tarakimu hizo, mwalimu mkuu akizipeleka mbele ya bodi ya shule wakati wa kuomba fedha za dari, zitakuwa na uzito kuliko barua ya kurasa tatu.

Muda wa kufanya hivyo si mrefu. Ifikapo Machi 21 hivi jua huwa juu ya ikweta, kaskazi hulegea, na siku za mwisho kabla ya mvua, zisizo na upepo, mara nyingi ndizo nzito kuliko zote. Taarifa ya masika, ya Machi hadi Mei, kwa kawaida huwa imekwisha kutolewa wakati huo, nayo hukuta mifereji ya shule imejaa takataka za kiangazi kizima.