Windows 10 imeachwa: Ni mazabodi mpya au kompyuta nzima?

Wenye steshenari Mbulumbulu, wilayani Karatu, wanaotumia kompyuta za mezani za zamani wana hesabu ya kupiga. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel Core, inataka kuanzia kizazi cha 8.

Fundi atasema badili mazabodi. Shida ni kwamba haiji peke yake: inataka prosesa ya soketi yake, na RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4 wala DDR5. Dell na HP nyingi za ofisini zina kasha la umbo lake, hivyo mazabodi ya kawaida inaweza isikae.

Kabla ya kupanda gari kwenda Arusha, mtu ajumlishe vyote. Bei ikikaribia ya kompyuta iliyotumika ya kizazi cha 8, bora achukue hiyo.