Kiwanda Hufa, Meneja Hupona

Liko neno moja ambalo wakuu wa makampuni hulipenda kuliko maneno yote wakati wa msiba. Neno hilo ni soko. Kiwanda kikifungwa, husemwa kwamba soko limebadilika. Watumishi wakiachishwa kazi, husemwa kwamba soko halikuwataka. Bidhaa ikiwa mbovu, husemwa kwamba soko lilitaka kitu rahisi. Soko hufanywa mfano wa mtu mwenye mikono na hila, ila ni mtu asiyeweza kuitwa barazani akaulizwa. Lakini siku ya faida soko husahauliwa mara moja, na sifa yote ikawa ya wakuu. Nia ya makala haya ni kuikataa desturi hiyo. Twasema kwamba viwanda vya vyombo vya nyumbani, yaani vya redio, pasi, feni, friji na mfano wa hivyo, havikuanguka kwa soko peke yake. Vingi viliangushwa na usimamizi usiokuwa na mtu wa kumtolea hesabu.

Tuanze Nyasubi, kata iliyomo ndani ya mji wa Kahama, katika mkoa wa Shinyanga. Mji huu umezungukwa na mali. Pana pamba na mpunga, pana barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi, na juu ya yote pana dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu ulifunguliwa mwaka 2001. Wa Buzwagi, ulio kando kabisa ya mji, ulifunguliwa mwaka 2009 ukakoma kuchimbwa mwaka 2021. Mshahara wa mgodini na fedha ya mchimbaji mdogo huingia dukani, ikatoka dukani kwa sura ya friji au televisheni. Dhahabu yaenda ng'ambo ikiwa tofali, nayo yarudi ikiwa chombo cha kupozea maji. Kununua kwa mgeni si aibu, kwa maana hapana taifa lijitoshelezalo kwa kila kitu. Aibu ni kwamba mnunuzi wa Nyasubi akipata hasara hana wa kumwuliza. Jina limeandikwa usoni pa chombo kwa herufi za kung'aa, lakini mwenye jina na mwenye kazi si mmoja.

Jambo hili lahitaji kuelezwa, maana wengi hawalijui. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilikuwa na kiwanda cha redio Arusha, na redio zake zilisikika katika nyumba nyingi za nchi hii. Kiwanda kile hakipo tena. Lililobaki ni jina la mahali, ambalo wapita njia hulitaja bila kukumbuka lilitoka wapi. Mwaka 2021 Philips iliuza shughuli yake yote ya vyombo vya nyumbani kwa Hillhouse, kampuni ya uwekezaji ya Asia, na jina likaendelea kutumika kwa mkataba wa leseni. Toshiba ya Japani ilifanya vivyo hivyo mbele yake: mwaka 2016 iliuza sehemu kubwa ya shughuli zake za vyombo vya nyumbani kwa Midea ya Uchina, pamoja na ruhusa ya kulitumia jina la Toshiba kwa miaka 40. Jina, lililokuwa dhamana ya fundi kwa mnunuzi, limekuwa koti la kukodi. Alivaaye leo siye aliyelishona, na aliyelishona hajibu tena akiitwa kwalo.

Kwa nini Toshiba iliuza? Ati soko? Ushindani wa Korea na Uchina ulikuwa mkali, hatukani. Lakini mwezi wa Julai 2015 kamati huru ilitoa taarifa kwamba kwa muda wa miaka kama saba vitabu vya kampuni hiyo viliongezewa faida ya yapata yen bilioni 150 isiyokuwako. Wakuu walipanga malengo yasiyofikika na kuwashurutisha walio chini yao, na walio chini, kwa hofu na kwa mazoea ya kutompinga mkubwa, waliandika faida kabla haijapatikana na kuahirisha hasara iliyokwisha kutokea. Rais wa kampuni alijiuzulu, pamoja na wawili waliomtangulia katika cheo hicho. Maelfu ya watumishi, ambao hawakuandika hata tarakimu moja ya uongo, walipoteza kazi. Mwezi wa Desemba 2023 kampuni iliondolewa katika soko la hisa la Tokyo, ilikokuwa imeorodheshwa kwa zaidi ya miaka 70. Yafaa kuwapa Wajapani haki yao: kamati iliundwa, taarifa ilichapishwa, na kampuni yenyewe iliwashtaki baadhi ya wakuu wake wa zamani. Walichelewa kuuliza, lakini waliuliza. Je, sisi huuliza?

Tusogee karibu na kwetu. Mjini Nakuru, nchini Kenya, kampuni ya Eveready East Africa ilikuwa na kiwanda cha betri za tochi na redio tangu miaka ya 1960. Mwaka 2006 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 9.50 ya Kenya kila moja, na waliozitaka walikuwa wengi mara kadhaa kuliko hisa zilizokuwapo. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba kiwanda kinafungwa na kwamba betri zitaletwa kutoka Misri. Watumishi kama mia walikwenda nyumbani, na bei ya hisa ilikuwa imekwisha kushuka mbali sana chini ya ile waliyonunulia watu wadogo. Sababu iliyotolewa ilikuwa betri za bei rahisi kutoka nje. Hatuwatuhumu wasimamizi kwa hiana; huenda walifanya kila waliloweza. Lakini mwalimu aliyeweka akiba yake katika hisa zile, na mtumishi aliyesimama miaka 20 mbele ya mashine, walistahili kuambiwa zaidi ya neno moja. Walistahili kujua ni mwaka gani hatari ilionekana, nani aliiona, alishauri nini, na nani aliukataa ushauri wake.

Katika Tanzania shauri hili lina historia yake. Shirika la Taifa la Maendeleo liliundwa mwaka 1965, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 viwanda vingi viliingia katika mikono ya umma. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, uliowaonya viongozi wa kazi juu ya majivuno na ubadhirifu, na wafanyakazi waliusoma kama watu waliokuwa wakiungojea. Walianza kuwauliza mameneja wao maswali, na waliponyimwa majibu waligoma. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda wakakiendesha wenyewe. Serikali ilikubali pale, lakini mwaka huo huo ilikomesha mwendo huo usienee. Mlango wa maswali ulifungwa ungali haujafunguka vizuri. Tangu hapo meneja wa shirika la umma alijibu kwa waliomteua, na waliomteua hawakuwa na sababu kubwa ya kutangaza kosa la uteuzi wao wenyewe. Tume ya kurekebisha mashirika ilipoanza kazi mwaka 1992, viwanda vingi vilivyofikishwa mbele yake vilikuwa maiti. Maiti waliuzwa. Ni mara chache mno iliulizwa wamekufa kwa maradhi gani, na ni nani aliyekuwa tabibu.

Mkulima wa Shinyanga hakuhitaji kusoma habari hizi ili azijue. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, pamoja na vile vilivyoshughulikia pamba yake, bila ya yeye mwenye chama kuulizwa. Ushirika uliporudishwa katika miaka ya 1980, mali haikurudi kama ilivyokwenda. Yeye amekwisha kufundishwa kwamba mambo makubwa hutendwa na watu wasioonekana, na hasara huletwa mlangoni kwake.

Wako watakaotupinga kwa hoja nzito, nasi hatutaki kuipita kando. Watasema kwamba viwanda vyetu vya redio vilikuwa vya kuunganisha tu. Sehemu zililetwa kutoka nje, na fedha za kigeni zilipokwisha, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapana meneja hata mwema angeweza kuunganisha hewa. Watasema pia kwamba ruhusa ya mwaka 1984, ya mtu kuingiza bidhaa kwa fedha zake mwenyewe za kigeni, ilileta redio ambazo viwanda vyetu havikuweza kushindana nazo. Maneno haya ni kweli. Lakini ukweli huu, badala ya kuwaokoa wasimamizi, wawaongezea swali. Ikiwa kiwanda kilikuwa cha kuunganisha tu, ni nani aliyeridhika kibaki hivyo mwaka baada ya mwaka? Nani aliona kwamba parafujo, waya na kasha la redio vyatoka ng'ambo, akaona ni sawa madhali mshahara wake watoka hapa? Mvua ikinyesha hunyeshea nyumba zote, lakini paa lililovuja lina mwezekaji wake. Wahenga walisema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika makampuni ya siku hizi mchimbaji hupewa kiinua mgongo, na anayeingia kisimani ni mtumishi.

Mtazame upande wa pili fundi wa redio na friji wa Nyasubi. Hana bodi, hana mkaguzi, hana taarifa ya mwaka. Lakini akiharibu pasi ya mama ntilie, kesho asubuhi mama huyo yuko mlangoni pake, na majirani wanasikia. Fundi akidanganya mara tatu, kibanda chake hukosa wateja hata akakihama. Elimu yake ni ndogo na mtaji wake mdogo, lakini katika jambo moja amemshinda mkurugenzi wa kampuni ya dunia: yeye huulizwa. Wala mtu asidhani kwamba twataka ulimwengu urudi katika vibanda. Twataka kanuni ya kibanda ipande ngazi ifike ofisini.

Shauri hili si la kale. Imekwisha kutangazwa kwamba eneo la mgodi wa Buzwagi litageuzwa kuwa eneo maalumu la uchumi, lenye viwanda. Twalipokea tangazo hilo kwa furaha. Lakini mwekezaji atakapokuja, na wengi wakawa tayari kumpa ardhi na msamaha wa kodi kwa sababu ameleta neno ajira, yafaa pawe na masharti machache yaliyoandikwa. Kwanza, hesabu zake zilizokaguliwa zichapishwe kila mwaka kwa Kiswahili, ziweze kusomwa Nyasubi kama zisomwavyo Dar es Salaam. Pili, wafanyakazi wawe na mjumbe katika bodi, mwenye kura, asiwe mtu wa kuitwa kunywa chai. Tatu, atengenezaye chombo alazimike kuweka vipuri vyake kwa muda uliotajwa, na ajibu kwa jina lililoandikwa juu ya chombo hata kama jina hilo ni la kukodi. Nne, sehemu ya malipo ya wakuu ishikwe kwa miaka kadhaa, ili faida ya uongo ikigunduliwa fedha irudi. Asemaye kwamba masharti haya yatamfukuza mwekezaji atuambie ni mwekezaji gani aogopaye kusomwa vitabu vyake, nasi tutamjua mapema.

Neno la mwisho ni kwa wanafunzi na wataalamu wasomao kurasa hizi. Tumeandika mengi juu ya mashujaa na juu ya vita, lakini viwanda vyetu vilivyokufa havina tarehe zao. Hao waliounganisha redio Arusha na Dar es Salaam sasa ni wazee. Makarani walioandika vitabu vile wanaondoka mmoja mmoja, na makaratasi yanaliwa na mchwa katika maghala. Nendeni mkawaulize wangali hai. Andikeni ni lini amri mbaya ilitolewa, nani aliitoa na nani alinyamaza. Kazi hiyo haitafufua kiwanda hata kimoja, lakini meneja ajaye Buzwagi atajua kwamba iko siku atasomwa.