Kiboko Wanadai Kivuko

Tumechoka kuambiwa tutazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Hapa Kiboko, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, watu wanatazama mpaka shingo zinauma, na bado wanavuka kwa kubahatisha. Anayegongwa hapa hagongwi kwa kukosa macho. Anagongwa kwa sababu barabara hii ilifikiriwa kwa ajili ya trela linalowahi bandarini, na mji ukaachwa ujipange wenyewe kandokando yake.

Simama hapo jioni, jua likikaribia kuzama. Mama ana beseni la maembe kichwani, mtoto wa shule kamshika leso. Trela linatokea upande wa Makindu. Dereva ni muungwana, anapunguza mwendo na kuwapungia mkono wapite. Wanaingia barabarani. Nyuma ya trela kuna gari dogo, Probox, na mwenye Probox hajui mwenzake amepunguza mwendo kwa nini. Anaona anacheleweshwa tu, anachomoka ampite. Trela limemficha mama, limemficha na mtoto.

Sasa tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akishtuka, sekunde nzima inaweza kwisha kabla mguu haujakanyaga breki, na mita hizo 22 zimeshaliwa. Mijini sheria inataka mwendo usizidi 50. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo ukipanda kutoka 50 hadi 65, hatari ya mtu kufa akigongwa na gari huongezeka zaidi ya mara nne.

Mwaka 2024, NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, ilihesabu watu 4,748 waliokufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote likawa la waendao kwa miguu. Halafu dawa tunayoletewa ni mawaidha kwa wanafunzi! Mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria kasi ya lori linalomjia. Huo ni umri wake, si utundu. Kinachoweza kubadilishwa ni barabara.

Ibadilisheni. Kivuko kiinuliwe juu ya lami, kila gari lilazimike kukipanda polepole, liwe la muungwana au la mwenye haraka. Katikati pajengwe kisiwa, mtu avuke upande mmoja, apumue, ndipo avuke wa pili. Matuta madogo ya kutikisa magurudumu yaanzie mbali, upande wa Simba na upande wa Makindu. Matatu na bodaboda zitengewe mahali pasipozuia dereva kumwona anayevuka. Msije na kopo la rangi nyeupe mkasema kazi imekwisha. Rangi haimsimamishi mtu aliyeamua kutosimama.

Tunajua jibu litakalokuja: kaunti itasema barabara kuu ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na KeNHA itasema bajeti bado. Someni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Barabara kuu za kitaifa ni kazi ya serikali ya taifa, naam. Lakini taa za barabarani ni kazi ya kaunti, imeandikwa. Kila mmoja ana sehemu yake, na hakuna anayeruhusiwa kumsubiri mwenzake huku sisi tukizika.

Wala msituambie haiwezekani. Reli ya SGR ilipokatiza mbuga ya Tsavo, wahandisi waliwachorea tembo vivuko vya kupita chini ya reli, kwa sababu walijua tembo wangekuwepo na wangehitaji kuvuka. Walifanya vyema sana. Mtoto wa Kiboko naye yupo, na anahitaji kuvuka kila siku ya shule, asubuhi na jioni.

Kaunti yetu ya Makueni imesifiwa nchi nzima kwa kuwashirikisha wananchi katika kupanga bajeti. Basi kikao kijacho cha bajeti, wazazi, wachuuzi na vijana wa bodaboda wa Kiboko twendeni wote, tukae mpaka fungu la taa liandikwe mbele yetu pamoja na kiasi chake cha fedha. Na mhandisi wa KeNHA aalikwe kwa barua, aje na mchoro wa kivuko na tarehe ya kuanza kazi.